Walipogombania Kumlea Yatima

 

Hebu tuanze na jambo unalolijua. Kila mwezi huu mtukufu ukiingia, mayatima hawakosi wageni. Leo wamealikwa futari na jumuiya hii, kesho na ile. Watapangwa mikekani, watapewa tende na sambusa, mtu atahutubia, na picha zitapigwa. Idd ikikaribia watapata nguo mpya. Ni kheri hiyo, hatuikatai, na Mwenyezi Mungu awalipe wote waliotoa. Lakini nambie, ikifika kati ya mfungo mosi, wale watoto wako wapi? Wako kule kule kwenye mabweni, kitanda juu ya kitanda, wakingoja Ramadhan nyengine.

Na yule yatima aliye katika ukoo wetu wenyewe, je? Huyo naye yuazungushwa kama sahani ya kuazima. Muhula huu kwa ami yake, muhula ujao kwa mama mdogo, likizo kwa bibi. Kila mtu ana udhuru wake: nyumba ni ndogo, karo imepanda, mke hataki, mume hataki. Kikao cha ukoo kikiitwa, kila mmoja yuaangalia chini asije akatajwa yeye.

Basi leo nataka nikupe kisa cha siku ambayo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Siku ambayo watu watatu wakubwa waligombania kumlea mtoto yatima, kila mmoja akisema, "Ni wangu mimi!" Kisa hiki kimepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari. Huenda umekisikia kwenye darsa. Lakini twende nacho polepole, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mara nyingi twalipita bila kuliona.

MTOTO ALIYEKIMBIA NYUMA YA MSAFARA

Ni mwaka wa 7 Hijria, sawa na 629 Miladia. Mtume (S.A.W.) na masahaba wameingia Makka kufanya Umra, kufuatana na mkataba wa Hudaybiya. Walikuwa wamekubaliana na Makureshi wakae siku tatu tu. Siku zikaisha, Makureshi wakataka mji wao, msafara ukaanza kutoka.

Mara mtoto wa kike akaja mbio nyuma yao akiita, "Ewe ami! Ewe ami!" Alikuwa binti wa Hamza (R.A.), Simba wa Mwenyezi Mungu, aliyeuawa shahidi katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria. Yeye alikuwa amebaki Makka. Wapokezi wamelitaja jina lake kwa namna mbalimbali, kwa hivyo sisi tutamwita tu Binti Hamza.

Kwa nini amwite Mtume (S.A.W.) ami, hali Hamza ndiye aliyekuwa ami yake Mtume? Kwa sababu Hamza na Mtume walinyonya ziwa moja, ziwa la Thuwayba. Walikuwa ndugu wa kunyonya. Liweke akilini jambo hilo, tutalirudia.

Sayyidna Ali (R.A.) akamshika mkono yule mtoto, akamkabidhi mkewe, Bibi Fatima (R.A.). Na hapo ndipo mzozo ulipoanza. Ali akasema ni wake, kwani ndiye aliyemchukua na ni binti ya ami yake. Ndugu yake Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akasema hata kwake yeye ni binti ya ami, tena mke wake ni khala yake mtoto, yaani dada ya mamake. Zaid bin Haritha (R.A.) naye akasema ni binti ya ndugu yake, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alikuwa amewaunganisha udugu yeye na Hamza.

Subhanallah! Na usidhani watu hawa walikuwa matajiri wenye majumba makubwa. Nyumbani kwa Ali na Fatima hali ilikuwa ngumu, na sote twakijua kisa cha Bibi Fatima na mikono yake iliyopata sugu kwa kusaga. Basi kwa nini waligombania mzigo ambao sisi leo twaukimbia?

WATATU HAWA NI KINA NANI?

Jawabu iko katika utoto wao. Hili ndilo nililokwambia kuwa twalipita bila kuliona. Wote watatu, kila mmoja wao, walilelewa katika nyumba isiyokuwa ya baba yao.

Tuanze na Ali na Jaafar. Baba yao, Abu Talib, alikuwa mtu wa heshima lakini mwenye watoto wengi na mali kidogo. Mwaka mmoja, kabla ya Utume, njaa kali iliwapata Makureshi. Muhammad, ambaye wakati huo alikuwa ameshaoa na ana nyumba yake, alimwendea ami yake Abbas, aliyekuwa na uwezo, akamshauri waende wakampunguzie Abu Talib mzigo. Wakaenda. Abu Talib akaridhia, akataka aachiwe Aqil tu. Muhammad akamchukua Ali, na Abbas akamchukua Jaafar. Ndivyo walivyokua: Ali katika nyumba ya Mtume na Bibi Khadija, Jaafar katika nyumba ya Abbas.

Angalia vizuri hapo. Baba yao yu hai, na hakuna aliyemdharau wala kumwambia ameshindwa na watoto wake. Hawakungoja afe ndipo wachangishe. Waliona nyumba imelemewa, wakaenda kubeba sehemu ya mzigo. Hayo ndiyo ambayo leo watu wa serikali wanayaita malezi ya kambo au malezi mbadala, ya muda au ya kudumu. Si jambo jipya kwetu.

Wa tatu ni Zaid. Yeye alikuwa wa kabila la Kalb. Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, amefuatana na mamake kwenda kuwaona watu wa kwao, wakavamiwa na wapanda farasi. Akatekwa, akauzwa katika soko la Ukaz. Hakim bin Hizam akamnunua kwa ajili ya shangazi yake Bibi Khadija, na Khadija akampa mumewe. Huko nyuma baba yake, Haritha, hakuacha kumlilia na kumuulizia. Miaka ikapita, watu wa Kalb wakaja Makka kuhiji, wakamtambua. Baba na ami yake wakafunga safari, wamebeba fidia.

Muhammad hakuitaka fidia yao. Alisema mtoto achague mwenyewe. Akiwachagua wao, ni wao bila malipo. Zaid akachagua kubaki. Baba na ami wakashangaa: vipi mtu aache watu wake akae kwa wageni? Zaid akawajibu kuwa ameona kwa mtu huyu jambo ambalo hawezi kumwacha kwa ajili ya yeyote. Hapo Muhammad akamshika mkono akatoka naye mpaka kwenye Kaaba, akatangaza mbele ya watu kuwa Zaid ni mwanawe. Haritha akaridhika, akarudi kwao kwa amani.

Na hakimu aliyesimama mbele ya watatu hao ni nani? Ni Mtume (S.A.W.) mwenyewe, yatima kushinda wote. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Alinyonyeshwa na Halima katika jangwa la Bani Saad. Mamake alifariki mahali paitwapo Abwa, naye ana miaka sita, na Umm Ayman ndiye aliyerudi naye Makka akiwa amemshika mkono. Babu yake Abdul Muttalib akamlea mpaka akafika miaka minane, naye akafariki. Ndipo akachukuliwa na ami yake Abu Talib na mkewe Fatima bint Asad, ambao ndio wazazi wa Ali na Jaafar.

Umeiona duara hiyo, msomaji? Abu Talib alimlea Muhammad. Muhammad akamlea Ali bin Abi Talib, akamlea na Zaid. Ali, Jaafar na Zaid, waliopakuliwa chakula katika sahani za watu wengine, leo wanagombania kumpakulia Binti Hamza. Waliijua njaa ya yatima, na si ya tumbo peke yake. Ndiyo maana hawakuangalia chini kikao kilipoitwa.

HUKUMU

Mtume (S.A.W.) alihukumu mtoto akae kwa Jaafar. Kwa nini? Kwa sababu ya mke wa Jaafar, Asmaa bint Umays (R.A.), aliyekuwa khala yake. Alisema khala yuko katika nafasi ya mama.

Hapa tupate mafunzo mawili. La kwanza, hakuuliza nani ana jina kubwa zaidi wala nani ana haki zaidi ya kupata thawabu. Aliangalia mtoto atastarehe wapi, nani atamsuka nywele, nani atamkumbatia akiamka usiku akilia. Leo sheria za dunia nzima zina msemo wake: maslahi ya mtoto kwanza. Na jambo hilo likaamuliwa pale, mbele ya wanaume watatu, kwa kumwangalia mwanamke atakayefanya kazi yenyewe. Kwa hivyo ewe ndugu mume, usilete mtoto nyumbani kwa ghafla halafu ukamtupia mkeo. Shauriana naye kwanza, maana ndiye mlezi hasa.

La pili, wawili walioshindwa hawakuachwa hivi hivi. Mtume (S.A.W.) alimpa kila mmoja neno la kumtuliza moyo. Ali alimwambia jinsi walivyo kitu kimoja, Jaafar alimsifu kwa kufanana naye kwa umbo na tabia, na Zaid alimwita ndugu. Mtoto akaenda kwake mpya bila ya kuacha ugomvi nyuma. Sisi je? Ni mayatima wangapi wamekua wakisikia kila siku kuwa ndio sababu ya familia kutosemezana?

JINA LA MTOTO NI LA MTOTO

Turudi kwa Zaid. Baada ya tangazo lile la Kaaba, watu wa Makka walimwita Zaid bin Muhammad, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu kwa mtoto wa kupanga. Yeye alikuwa akilipenda jina hilo, na nani asingelipenda?

Kisha Madina ikateremka amri, nayo imo katika Suratul Ahzab aya ya 4 na ya 5. Watoto wa kupanga waitwe kwa majina ya baba zao, ndiyo haki zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Na ikiwa baba zao hawajulikani, basi ni ndugu zenu katika dini. Tangu siku hiyo akarudi kuwa Zaid bin Haritha.

Wengine hapo huelewa vibaya. Utawasikia wakisema, "Uislamu umekataza kuchukua mtoto wa mtu." La hasha! Kilichokatazwa ni kumfutia nasaba yake na kumbandika isiyokuwa yake. Malezi yenyewe hayakukatazwa hata siku moja, bali yamewekewa daraja kubwa. Mtume (S.A.W.) aliunganisha kidole cha shahada na cha kati, akaonyesha kuwa huo ndio ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima. Wanavyuoni wakaliita jambo hili kafala, yaani kubeba dhamana ya mtoto: kumlisha, kumvisha, kumsomesha, kumpenda, naye akabaki na jina la baba yake.

Je, Zaid alipungukiwa na nini baada ya jina kubadilika? Mapenzi yalipungua? Alibaki kuwa kipenzi cha Mtume, akaamirishwa majeshi. Ni sahaba wa pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, katika sura hiyo hiyo ya Ahzab, aya ya 37. Na mwanawe Usama, aliyezaliwa na Umm Ayman, yule yule aliyemshika mkono Mtume kutoka Abwa, alifanywa amiri wa jeshi mwaka wa 11 Hijria akiwa kijana ambaye hata miaka ishirini na moja hajatimiza. Kijana mwenzangu, hapo wasemaje?

Na kwa yule mtoto asiyejulikana baba yake, aliyeokotwa mlangoni mwa msikiti au hospitalini, tuna Salim (R.A.). Huyu alilelewa na Abu Hudhayfa, na baba yake Salim hakujulikana. Amri ilipokuja hakukuwa na jina la kumrudishia, akaitwa Salim mawla wa Abu Hudhayfa. Basi alifichwa? Alidharauliwa? Wahajiri wa mwanzo walipofika sehemu za Quba, kabla Mtume (S.A.W.) hajawasili, Salim ndiye aliyewasalisha, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi Qur'ani zaidi, na nyuma yake katika safu alikuwamo Umar bin al-Khattab (R.A.). Tena alikuwa mmoja wa wanne ambao Mtume aliagiza watu wajifunze Qur'ani kwao. Anayemwita mtoto "wa kuokotwa" kwa kejeli amkumbuke imamu huyo.

Ndugu zangu, jambo hili la jina si la vitabuni tu. Tunalo mitaani kwetu. Mtoto analelewa tangu mchanga, anaambiwa hawa ndio baba na mama, cheti kinaandikwa hivyo, na jirani wote wanaambiwa wanyamaze. Anakua. Anaposwa. Siku ya nikahi inakaribia na suali linaulizwa: binti nani? Walii wake ni nani? Hapo mzee mmoja anakohoa, anaomba azungumze na kadhi kando. Msichana anaijua nasaba yake wiki ya harusi yake, kutoka kwa watu wa pembeni. Machozi yake yatafutwa na nani? Waliomficha walifanya kwa mapenzi, hatuna shaka. Lakini mapenzi yale yalijengwa juu ya kitu ambacho lazima siku moja kingevunjika. Mwambie mtoto mapema, kwa maneno ya utoto wake, polepole kila mwaka. Zaid alijua baba yake ni nani na bado alimchagua mlezi wake.

MALI NA CHAKULA

Upande wa pili ni mali. Qur'ani imekaza sana hapa. Suratun Nisaa inaanza na mayatima mapema, na aya ya 10 inaonya kuwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kuwa aya hizo zilipoteremka, masahaba waliokuwa na mayatima waliogopa mno. Wakatenga chakula cha yatima mbali na chakula chao. Yatima akibakisha, hakuna aliyekigusa, kinawekwa mpaka akile yeye au kiharibike. Mambo yakawa mazito, wakamwendea Mtume (S.A.W.), ndipo ikateremka aya ya 220 ya Suratul Baqara: kuwatengenezea mambo yao ni kheri, na mkichanganyika nao, basi ni ndugu zenu.

Wale waliogopa kula ukoko wa yatima. Nasi leo nyumba ya marehemu inapangishwa, kodi inaliwa na watu wazima, na mwenye nyumba, mtoto wa miaka tisa, hana viatu vya shule! Na aya ya 6 ya Nisaa imetoa utaratibu wote: mlezi tajiri ajizuie, mlezi maskini ale kwa wema kiasi cha haja, na siku ya kukabidhi mali kuwe na mashahidi. Weka daftari, ndugu yangu. Andika kilichoingia na kilichotoka.

Na kuchanganyika kwenyewe kuna adabu yake. Umar bin Abi Salama, mtoto wa kambo wa Mtume (S.A.W.) aliyefiwa na baba yake, alikuwa akila sahani moja naye, na mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume hakumhamisha akamweka jikoni. Alimfundisha papo hapo: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Sasa wewe jiulize, yule mtoto wa dadako uliyemleta mjini "kusoma," anakula wapi? Sahani moja na wanao, au baadaye, akishamaliza kuosha vyombo? Wanao wakiwa madrasa yeye yuko wapi? Ikiwa yuko dukani au anabeba mtoto mgongoni, basi hujachukua yatima, umechukua mfanyakazi asiyelipwa.

MUTA

Kisa cha Binti Hamza hakikuishia pale. Haikupita miezi mingi, katika Jumadal Ula mwaka wa 8 Hijria, jeshi la Waislamu lilikutana na jeshi la Warumi huko Muta. Amiri wa kwanza alikuwa Zaid, akauawa. Wa pili alikuwa Jaafar, akauawa. Wawili katika wale watatu waliogombania malezi wakaondoka siku moja, na Asmaa akawa mjane mwenye watoto wake na yule wa Hamza.

Mtume (S.A.W.) aliagiza wapikiwe chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwani yamewafika ya kuwashughulisha. Akawaacha siku tatu. Kisha akaja, akataka aletewe wana wa Jaafar. Mmoja wao, Abdullah, alikuja kusimulia ukubwani kuwa waliletwa kama vifaranga. Mtume akaita kinyozi, wakanyolewa vichwa. Akamtazama mmoja akasema anafanana na nani, mwengine anafanana na nani, akamwombea Abdullah baraka katika biashara yake. Mama yao alipotaja uyatima wao, alimuuliza vipi awahofie ufukara, hali yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Kinyozi, ndugu zangu! Kiongozi wa umma mzima, aliyepoteza siku ile Zaid wake na Jaafar wake, alikumbuka kuwa nywele za watoto zimekuwa ndefu na hapana baba wa kuwapeleka kunyolewa. Malezi ndiyo hayo. Yako zaidi katika nywele na kucha na viatu kuliko katika hotuba.

KUTOKA MADINA MPAKA KENYA

Waislamu waliokuja nyuma waliendeleza. Watu wa Cairo mpaka leo wanaionyesha sabil-kuttab ya Sultan Qaytbay iliyojengwa 1479: chini maji ya bure kwa mpita njia, juu chuo cha kufundisha watoto Qur'ani. Waqfu za namna hiyo ziliwasomesha mayatima kwa karne nyingi. Na huku pwani yetu, mtoto kulelewa na bibi, shangazi au mama mkubwa kulikuwa jambo la kawaida kabisa, halikuhitaji hata karatasi.

Umoja wa Mataifa ulipotunga Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, kafala ilitajwa kwa jina katika kifungu cha 20, sambamba na malezi ya kambo na kuasili. Kenya iliuridhia 1990. Kisha yakaja majanga. Mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na wazee wengi waliokuwa wakingoja kulelewa na watoto wao wakajikuta wanalea wajukuu. Makao ya watoto yakachipuka kila mahali, mengine ya kheri, mengine ya biashara. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Katika kipindi hicho hicho kafala nayo ikaingia katika taratibu za nchi. Mwongozo wa malezi mbadala wa 2014 uliitaja, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, nayo inaitambua kwa jina. Maana yake, mlango ambao tulikuwa tukisema umefungwa kwetu, eti kwa sababu kuasili hakutufai, sasa uko wazi. Hatuna tena pa kujifichia.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, anza na ukoo wako. Kama yuko mtoto anayezungushwa, itisha kikao na useme neno hilo la Ali, Jaafar na Zaid: "Ni wangu." Ukishindwa kumchukua, beba karo, beba mavazi, beba bima ya matibabu, ili khala yake aweze kumchukua.

Pili, ukitaka kumlea mtoto usiye na nasaba naye, usimpokee gizani. Nenda kwa afisa wa watoto wa eneo lako. Nyumba yako itatazamwa, wewe na mwenzio mtaulizwa maswali, na mtafuatiliwa. Usiudhike, hiyo ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mambo ya nasaba, uwalii na mirathi muulize kadhi au sheikh wako.

Tatu, jua mipaka mapema. Mtoto wa kulea harithi kwa nasaba, lakini unaweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali yako, basi andika wasia ungali hai. Na kuhusu kusitiriana akishabaleghe, hapo ndipo turudi kwa Thuwayba. Mtoto akinyonyeshwa ndani ya miaka yake miwili ya mwanzo, mara tano kwa madhehebu yetu ya Shafi, anakuwa mtoto wa ziwa, na mlango wa umaharimu unafunguka. Kina mama wanaopokea mchanga waulize jambo hili mapema.

Nne, nanyi vijana ambao hamjaoa, msiseme hayawahusu. Nenda makao ya karibu baada ya Idd, wala si kabla. Chagua mtoto mmoja, umsomeshe hesabu kila Jumamosi, umpeleke kunyoa.

Namalizia na kisa kimoja kidogo. Wanahistoria wa sira wanasimulia kuwa baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, mwanamke mtu mzima aliletwa kati ya mateka, akidai kuwa ni dada wa Mtume (S.A.W.). Akaulizwa dalili. Akaonyesha alama ya meno: wewe uliniuma hapa nilipokuwa nimekubeba. Alikuwa Shaymaa, binti ya Halima. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita. Mtume akamjua, akamtandikia shuka yake akae juu yake, akampa hiari abaki kwake kwa heshima au arudi kwa watu wake na zawadi.

Mtoto hasahau nyumba iliyombeba. Yule atakayekaa kwako mwaka mmoja tu, kuna siku atasimulia aliyoyaona humo, hapa duniani au mbele ya Mola wake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotandikiwa shuka siku hiyo, azikubali saumu zetu, na awape mayatima wetu nyumba, wala si futari tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.